Kaka ananiita mkono wa birika kwa sababu ya kikombe cha kahawa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwezi wangu wa nane hapa Houston, Texas. Nimefikia kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ana miaka 14 hapa, mke na watoto wawili. Nabeba boksi kwenye ghala, shifti ya usiku. Kazi sina neno nayo, na shemeji yangu ananipikia kama mdogo wake wa kuzaliwa. Tatizo langu ni kahawa.

Nikitoka kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi napita kwenye duka dogo la kahawa lililo njiani. Naagiza latte moja, dola 4.75. Ikiongezwa kodi inafika 5.14. Hapo nalipa bila kinyongo, ingawa moyoni najua kwa hela hiyo kijiweni kwetu Ngamiani ningewanywesha wazee wote, na kashata juu.

Nikishagusisha kadi, yule binti wa kaunta anakigeuza kishikwambi kinielekee mimi. Kila siku anasema maneno yale yale: "Kitakuuliza swali moja tu." Swali lenyewe ni visanduku vitatu vikubwa vya bluu: asilimia 18, 20, 25. Chini kabisa, kwa herufi za kijivu utadhani zimefutika: kiasi kingine, hakuna tipu, yaani bakshishi. Yeye anageukia pembeni kupanga vifuniko ambavyo tayari vimepangwa. Nyuma yangu kuna foleni. Shangazi, nahisi duka zima linakitazama kidole changu.

Miezi miwili ya kwanza nilibonyeza 20 kila siku, kwa woga tu. Nikaja kupiga hesabu nikaona kila mwezi natoa zaidi ya dola 20 kwa mtu aliyenipa kikombe mkononi, na bado mama anasubiri hela ya kumalizia choo. Nikaanza kubonyeza lile la kijivu. Mambo yakaenda vizuri mpaka asubuhi moja kaka alipokuwa na mimi, amesimama mgongoni kwangu. Hakusema kitu pale. Tulipoingia kwenye gari akaniambia, "Unatuaibisha. Hapa kila mtu anatoa. Watatuona Waafrika wote tuna mkono wa birika."

Kesho yake, ili yaishe, nikabonyeza "kiasi kingine" na kuandika 20, nikidhani ni asilimia. Kumbe ni dola. Risiti ikatoka 25.14. Yule binti akasoma, akaweka mkono kifuani, akanishukuru hadi sauti ikamkwama. Ningemwambiaje anirudishie? Nikaondoka na kikombe changu cha dola 25. Kaka alipoiona risiti alicheka mpaka ikabidi aegeshe gari. Ni wiki tatu sasa na tangu siku hiyo sijakanyaga pale.

Kwetu, Shangazi, anayeongeza ni muuzaji. Ukinunua fungu la nyanya anakutilia moja juu. Muuza kahawa akikuzoea anakumiminia nusu kikombe cha nyongeza, dele likiwa bado mkononi. Hapa mnunuzi ndiye anayeongeza, tena kwa kuulizwa mbele za watu.

Na usidhani sijui kutoa. Wiki moja kabla ya kaka kunisema, mwanawe alitimiza miaka kumi, nikawapeleka wote mgahawani, ule wa kukaa na kuletewa. Bili ilikuwa dola 64, nikalipa mwenyewe, na nikamwachia weita dola 2 taslimu chini ya glasi. Tukaondoka vizuri, ila shemeji alisahau mtandio ikabidi arudi ndani kuuchukua. Sasa mtu wa hivyo ni mchoyo?

Naomba unieleze: ni lazima au si lazima? Na nikibonyeza la kijivu, nimemdhulumu yule binti?

Mnywa Kahawa, Houston

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nimecheka, hasa pale kwenye kikombe cha dola 25. Ya pili nimefika kwenye mtandio, kicheko kikanikauka. Huko tutafika. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Si lazima, na hujamdhulumu. Bakshishi ya kaunta ni hisani: ukiacha, utashukuriwa, usipoacha, hujala jasho la mtu. Kaka yako anasema kila mtu anatoa. Hilo si kweli. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Pew Research Center iliwauliza Wamarekani wenyewe, na kwa wanaonunua kahawa ni kama mmoja kati ya wanne tu aliyesema hutoa kila mara au mara nyingi. Kwa hiyo katika ile foleni uliyoiogopa, wengi walikuwa wanasubiri zamu yao ya kubonyeza kitufe hicho hicho cha kijivu, na wao wanaomba Mungu wasitazamwe.

Yule binti naye anaona haya, wala usifikiri anakuwinda. Kiasi gani kiandikwe kwenye kioo, kipi kiwe kikubwa na kipi kifichwe chini, ameamua mwenye duka. Maneno yake ya "swali moja tu" na vile vifuniko anavyovipanga ni njia ya kupisha aibu ipite katikati yenu bila kumgusa mtu. Najua, kwa sababu nimesimama upande ule.

Mwaka wangu wa kwanza Marekani nilimimina kahawa kwenye kaunta moja Silver Spring, Maryland. Vishikwambi havijaja bado. Tulikuwa na kopo la plastiki lililowahi kuwa la siagi ya karanga. Jioni tunalimwaga juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, watatu tumechuchumaa, tunatenganisha robo, senti kumikumi na zile nyekundu ambazo hakuna aliyezitaka. Siku nzuri nilirudi nyumbani na dola sita, ya basi na ya mkate. Nani kaweka nini hatukujua. Aliyepita bila kuweka kitu tulikuwa tumeshamsahau kabla mlango haujafunga nyuma yake. Mteja tuliyemsema mpaka usiku ni yule aliyeagiza na simu sikioni, bila salamu, ananyoosha kidole kwenye picha kama anachagua mbuzi mnadani.

Kuhusu nyongeza ya Ngamiani umesema jambo zuri, ila umelikata katikati. Muuza kahawa wetu dele ni lake, makaa ni yake, bei kaipanga yeye. Akikuongezea nusu kikombe anatoa chake. Binti wa kaunta hana chake pale. Anakopesha mikono kwa saa. Akikuongezea hata kijiko cha povu, anatoa mali ya tajiri. Hana cha kukupa zaidi ya uso mkunjufu, na huo anakupa, umeandika mwenyewe.

Sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Asilimia 20 ya dola 4.75 ni senti 95. Lakini tazama kishikwambi kinaanzia wapi. Vipo vinavyopiga asilimia juu ya bei peke yake, na vipo vinavyopiga juu ya bei pamoja na kodi. Hivyo vya pili vinakufanya uiachie bakshishi hata ile kodi ya asilimia 8.25. Vingine, bili ikiwa ndogo, vinaacha asilimia kabisa na kuonyesha dola 1, 2 na 3. Inaonekana ni vijihela tu, lakini dola 3 juu ya latte yako ni asilimia 63. Yule anayepanga namba hizo anajua mtu mwenye haya hukimbilia ya katikati. Machinga wa Kariakoo naye anaanzia elfu thelathini ili uondoke unafurahia kumi na tano.

Mimi ningefanya hivi. Latte ya kila asubuhi, kwa mtu anayekuzoea na anayekuanzia kabla hujafungua mdomo, ningeweka dola moja mara moja kwa wiki, Ijumaa, na siku nyingine ningebonyeza la kijivu na kumtakia kazi njema bila kujikunja. Kama kopo lipo, weka humo taslimu, kwa sababu bakshishi iliyopita kwenye kadi sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri akate kwanza ada anayotozwa kwa malipo ya kadi. Siku wenzako wa shifti wamekutuma vinywaji sita, kimoja bila sukari, kimoja maziwa ya mlozi, cha mwisho kiwe na barafu lakini isiwe nyingi, hapo mtu amefanya kazi, toa vizuri. Chupa ya maji uliyoitoa kwenye friji kwa mkono wako, usitoe hata senti. Na ile mashine ya kujihudumia isiyo na mtu nyuma yake, nayo siku hizi inaomba bakshishi. Hiyo hata kwa dakika moja usiionee haya. Haina macho.

Kiasi chako kiamue ukiwa bado kwenye gari. Ukifika mbele ya kioo na nia haijakaa, foleni ndiyo itakayokuamulia, na ukishatoa kwa sababu unatazamwa, hiyo kwetu Waislamu ina jina lake, unalijua.

Ile dola 20 usiisumbukie. Ungerudi siku ile ile na risiti, ukasema umekosea kuandika, meneja angeirudisha. Makosa hayo wanayaona kila wiki. Baada ya wiki tatu imeshagawanywa. Ila ujue hivi: tangu mwaka 2018 sheria inamkataza mwenye duka na mameneja kujichukulia bakshishi za wafanyakazi, kwa hiyo pesa yako imeishia kwa watoto wa watu. Na mimi nikiwa wewe ningerudi pale kesho kifua mbele. Kwa mpango wa dola moja kila Ijumaa, kaunta ile umeilipa mpaka wiki ya ishirini.

Sasa mtandio.

Mwanangu, shemeji yako hakusahau mtandio.

Umeacha dola 2 kwenye bili ya dola 64. Hiyo ni asilimia 3. Katika mgahawa wa kukaa, huko uliko, kawaida ni asilimia 18 mpaka 20, yaani kama dola 11 na nusu mpaka 12 na senti 80. Katika utafiti ule ule wa Pew, kwenye mgahawa wa kukaa wanaotoa kila mara au mara nyingi ni asilimia 92. Hapo maneno ya kaka yako kwamba kila mtu anatoa yanakuwa kweli. Umehangaika wiki tatu na binti usiyemdai wala hakudai, na weita wako umempita kwenye nusu mstari, tena ukiwa unajisifu.

Sikulaumu, maana ukitoka Tanga huwezi kulikisia hili. Sheria ya shirikisho inaweka kima cha chini cha mshahara dola 7.25 kwa saa, na hakijasogea tangu 2009. Lakini kwa mfanyakazi anayepokea bakshishi, mwajiri anaruhusiwa kulipa dola 2.13 tu kwa saa, na nyingine zitoke mfukoni mwa mteja. Hiyo 2.13 ni ya mwaka 1991. Umezaliwa umeikuta. Texas wanafuata hivyo hivyo. Ikiwa bakshishi hazikumfikisha kwenye 7.25, mwajiri anatakiwa kujazia, na hapo ndipo penye ugomvi usioisha, kwa sababu anayetakiwa kudai ni mtu anayeogopa kupangiwa Jumatatu mchana badala ya Jumamosi usiku. Juu ya hayo, migahawa mingi humtaka weita agawe sehemu kwa wa baa na wasafisha meza, na wapo wanaokadiria sehemu hiyo kwa mauzo, si kwa alichopokea. Meza kama yako inaweza kumtoa na deni.

Yule wa kaunta sheria ingemruhusu bosi kumweka kwenye kundi hilo hilo, maana inatazama kama mtu kwa kawaida anapata zaidi ya dola 30 za bakshishi kwa mwezi. Ila wa kaunta wengi hulipwa kima kamili au zaidi. Kopo la sarafu halitoshi kumshikilia mtu kazini kwa dola mbili.

Na tabia hii haikushuka na mvua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa kuachiwa, migahawa na kampuni ya mabehewa ya kulala ya George Pullman iliwachukua wanaume weusi kwa ujira mdogo sana, wategemee watakachotupiwa na abiria. Wazungu wakawaita wote "George", jina la bosi wao, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na ikawachukua mpaka 1937 kupata mkataba na kampuni. Ndiyo maana kaka yako anaposema "watatuona Waafrika", mimi simcheki sana. Kuna historia ndefu ya nani amesimama na sinia na nani amekaa, ila yeye ameihamishia kwenye kikombe cha kuchukua na kuondoka.

Majimbo saba yameikataa hiyo 2.13 na ndugu zake: California, Washington, Oregon, Nevada, Montana, Alaska na Minnesota. Huko weita analipwa kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi. Seattle, jimboni Washington, kwa mfano, mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa dola 20.76 kwa saa. Kwa hiyo ukipata rafiki wa huko akikwambia siku hizi yeye hatoi tena kitu, msikilize, mwitikie, lakini usimuige. Anaongelea nchi nyingine.

Narudi kwa kaka yako. Hasira yake haikuanzia kwenye latte. Wiki moja kabla alikuwa ameketi mezani na wanawe, akakuona unaweka dola mbili chini ya glasi na uso wa muungwana, na hakuwa na pa kukusemea: wewe ndiye mwenyeji wa sherehe, umelipa bili yote, ungeaibika mbele ya watoto. Akanyamaza. Kilichobaki tumboni kikatokea kwenye kaunta ya kahawa, mahali ambapo hukuwa na kosa. Ndivyo tulivyo. Angekueleza la mgahawani taratibu siku ile ile usiku, ungeokoa dola 20 na mimi nisingekujua.

Kaa naye. Mwambie umejua la weita, umekosea, hutarudia. Akikubali hilo, mwambie pia kwamba la kaunta ni hiari yako na asikusimamie mgongoni. Nina hakika atacheka, maana anayeegesha gari ili acheke vizuri si mtu wa kuweka kinyongo.

Halafu tafuta noti ya dola kumi, iweke kwenye bahasha, umpe shemeji yako. Atakataa mara mbili. Usimtajie mtandio.